Nilidhani mama mkwe alinikaangia mbegu

Mpenzi msomaji, kuna maneno ambayo mtu akishayatoa kinywani hutamani angeyameza tena, lakini wapi! Wahenga hawakukosea waliponena kwamba heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa ulimi mwezi wa Septemba mwaka wa 2020, mbele ya mawifi zangu wawili na watoto wao, na aliyeumia ni mama mzazi wa mume wangu. Chanzo cha yote hayo kilikuwa gorogoro tano za njugu.

Nakusimulia kisa hiki si kwa sababu najivunia. La hasha! Nakisimulia kwa sababu naamini tuko wengi, hasa sisi tunaoishi mjini na kulima kwa simu, ambao tumewahi kukosana na jamaa, jirani au mwenye duka kwa ajili ya mbegu iliyokataa kuota. Huenda wewe ulikuwa na haki ya kukasirika. Huenda pia, kama mimi, hukuwa umeijua mbegu.

Mimi ni mzaliwa wa Nyandarua, nikaolewa Bungoma. Miaka yote ya ndoa yangu nilikuwa mgeni wa Krismasi tu huko kwa wakwe. Lakini mwaka huo wa 2020, kama unavyokumbuka, ugonjwa wa korona ulitugeuza sote. Shule zilifungwa mwezi wa Machi. Mahali nilipokuwa nikifanya kazi tulipunguziwa mishahara, na kodi ya nyumba haikupungua hata senti. Kusafiri kutoka Nairobi kulikuwa kumepigwa marufuku tangu Aprili. Ruhusa ilipotolewa Julai, mimi na mume wangu tuliamua kwamba yeye abaki mjini kutafuta, nami niende nyumbani na watoto, ambako angalau hakuna kodi ya nyumba na mboga haiuzwi kwa fungu.

Mama mkwe alitupokea kwa mikono miwili. Isitoshe, alinikatia robo ekari karibu na mto nilime chochote nitakacho. Wakati huo alikuwa ndiyo kwanza amevuna njugu zake, zile zinazotambaa chini, na ua mzima ulikuwa umeanikwa njugu. Nilipouliza bei ya gorogoro moja sokoni, moyo ulinidunda. Nilipiga hesabu usiku huo kwa penseli nyuma ya daftari la mwanangu. Nikipanda mwisho wa Agosti, nitavuna kabla ya shule kufunguliwa, na karo ya Wekesa itakuwa mkononi.

Asubuhi nilimwendea mama mkwe, nikamwomba anigawie mbegu. Alizitazama njugu zake, akanitazama na mimi.

"Mama Wekesa, hizi ni nzuri za kula," akaniambia. "Za kupanda, ngoja kwanza. Bado zina usingizi."

Msomaji, sikuelewa. Niliyasikia maneno hayo kwa masikio ya mtu aliyekwisha kupiga hesabu zake. Nilidhani ananinyima kwa adabu, kama vile mtu anavyomwambia mwenye kuomba chumvi kwamba imebaki kidogo. Nikamsisitizia. Alinyamaza, kisha akaingia ndani, akatoka na gorogoro, akapima tano za njugu zilizomenywa. Hakutaka hata shilingi.

Nilipanda kwa siku mbili, mimi na kijana mmoja niliyemlipa. Jirani yetu wa ng'ambo ya kijito naye alipanda njugu siku hizo hizo, zile nyekundu ndogo alizonunua sokoni. Siku ya nane zake zilikuwa zimetokeza. Siku ya kumi unaweza kuhesabu mistari kutoka barabarani. Zangu? Kimya. Ardhi ilikuwa tupu kama uwanja wa shule wakati wa likizo. Kufikia wiki ya tatu, katika robo ekari nzima nilihesabu miche 14.

Wekesa, aliyekuwa na umri wa miaka saba, alifukua moja kwa kijiti akaniletea. Ilikuwa imevimba kwa maji, ngozi yake bado nzuri, haijaoza, lakini haina hata dalili ya mzizi. Basi hapo ndipo shetani aliponikaa shingoni. Mbegu iliyokufa huoza, nilijiambia. Hii haikuoza wala haikuota. Kwa hivyo imepita motoni.

Mchana huo mawifi zangu walikuwa wamekuja kumwona mama yao. Tulikuwa tumeketi chini ya mwembe. Nilifungua kiganja nikamwonyesha ile njugu, na mbele ya wote nikasema, "Mama, kama hukutaka nilime shamba lako si ungeniambia tu? Kulikuwa na haja gani ya kunikaangia mbegu?"

Hakunijibu. Aliinuka taratibu, akakung'uta leso yake, akaingia jikoni. Wifi yangu mkubwa alinitazama kwa jicho ambalo silisahau hadi leo. Tangu siku hiyo tukawa watu wa "umeamkaje" na "nimeamka salama" tu, basi. Chakula kilipikwa, watoto walikula, lakini hadithi za jioni zilikwisha. Mume wangu alinipigia simu akanisihi niombe radhi. Nami kwa ukaidi wangu nikamwambia aje ajionee shamba mwenyewe.

Nilililima upya lile shamba, nikapanda maharagwe.

Kumbe hazikufa!

Mwezi wa Novemba, maharagwe yakiwa yameanza kutoa maganda, Wekesa alikuja mbio kutoka shambani ameshika mmea mdogo wenye majani manne manne, mviringo. "Mama! Njugu za Kukhu zimeamka!" Nilimwambia aache utani. Tulikwenda pamoja. Mpenzi msomaji, nilitaka ardhi ipasuke inimeze. Kati ya mistari ya maharagwe, hapa mmoja, pale mitatu, njugu zilikuwa zinaota. Si zote, kwani nyingine zilikuwa zimeliwa na mchwa na panya, lakini zilikuwa nyingi kiasi cha kumnyamazisha mtu yeyote mwenye haya. Mbegu iliyokaangwa haioti milele. Hizi zilikuwa zimekaa udongoni zaidi ya miezi miwili, hai, zikingoja.

Niliung'oa mche mmoja pamoja na udongo wake, nikautia katika kikopo cha mafuta ya kupikia, nikapanda bodaboda hadi ofisi ya afisa wa kilimo wa wadi. Mzee huyo aliutazama mche, akaniuliza maswali matatu tu: njugu zilikuwa za kutambaa au za kusimama wima, zilivunwa lini, na zilipandwa lini. Nilipomjibu alicheka, si kwa kunidharau. Akasema, "Mama, mbegu zako hazikuwa na kasoro. Ulizipanda zikiwa zimelala."

Usingizi! Neno lile lile la mama mkwe. Nilijiinamia.

Hebu nikueleze alivyonieleza, pamoja na niliyoyasoma baadaye nilipoanza kulifuatilia jambo hili kama kazi yangu inavyonitaka. Ndani ya mbegu mna mmea mchanga, mdogo sana, na akiba ya chakula aliyowekewa na mmea mzazi. Mmea huu mchanga hauna ubongo wala masikio. Unaamrishwa na kemikali ziitwazo homoni, kama zile zinazoamrisha miili yetu kubaleghe au kupata usingizi. Homoni hizi ni kidogo ajabu, lakini zikibadilika kidogo tu, maisha ya mmea yanageuka.

Ya kwanza inaitwa asidi ya abisisiki. Hii ndiyo inayosema "ngoja". Mbegu inapokomaa, homoni hii huongezeka ndani yake. Husaidia mbegu kuweka akiba na kustahimili kukauka bila kufa, na huizuia isiote kabla ya wakati. Ni homoni hiyo hiyo ambayo, mahindi yako yanapopigwa na jua kali, huamrisha matundu ya majani yafunge ili maji yasipotee. Wanasayansi waliitambua katika miaka ya 1960.

Unataka kuona kazi yake? Pasua nyanya. Mbegu zimo ndani ya maji, kuna joto na kuna hewa, lakini aghalabu hazioti. Ule utelezi unaozizunguka, pamoja na homoni hii ya ngoja-ngoja, huzizuia. Ndiyo maana anayetaka mbegu za nyanya huacha utelezi huo uchache siku mbili tatu, kisha akaziosha na kuzianika. Na ukienda Pwani utaona kinyume chake. Mikoko ya baharini huotesha mbegu zake zingali mtini, kwa kuwa homoni ya kungoja huwa kidogo mno katika mbegu hizo. Mche huning'inia kama ganda refu la kunde, kisha huanguka topeni ukiwa tayari kusimama.

Ya pili inaitwa jiberelini. Hii ndiyo inayosema "amka". Mbegu huota pale sauti ya jiberelini inapoishinda ile ya asidi ya abisisiki. Kwa hivyo swali si kama mbegu ina maji na joto peke yake. Swali ni nani kati ya hawa wawili mwenye nguvu zaidi siku hiyo. Mbegu inapokaa kavu ghalani kwa wiki au miezi, homoni ya kungoja hupungua nguvu polepole, na mbegu huwa tayari kuisikia ya kuamka.

Kwa njugu kuna wa tatu, ambaye ni gesi iitwayo ethilini, ile ile inayoivisha ndizi. Njugu iliyo tayari kuota hutoa ethilini yake yenyewe, na gesi hiyo husaidia kuuvunja usingizi. Iliyolala hutoa kidogo mno. Mahali pengine wataalamu huzitia njugu zilizolala dawa inayotoa ethilini, nazo huota mapema.

"Na jirani yangu je?" nilimuuliza yule mzee. "Zake zilitoka siku ya nane." Akaniambia kwamba zile nyekundu za kusimama wima karibu hazina usingizi. Zinapandwa leo na kuvunwa, kisha zinapandwa tena. Lakini zina hasara yake. Mvua ikinyesha zikiwa zimekomaa na hujazing'oa, huotea huko huko ardhini, ukavuna majani badala ya njugu. Zile za mama mkwe, kwa sababu ya usingizi wake, huvumilia mvua ya mavuno. Kwa hivyo usingizi ule niliouita hila ndio uliokuwa ulinzi wake.

Msomaji, ajabu ya mambo ni kwamba mimi nilikua kwenye viazi. Kule kwetu Nyandarua hakuna anayechimba kiazi leo akakipanda kesho. Mamangu mzazi huviweka mbegu stoo wiki nyingi, akingoja mpaka vitoe macho. Nilikuwa nimeyaona hayo tangu utotoni, lakini sikujua kwamba ni somo moja. Usilolijua ni kama usiku wa giza, hata kama ulizaliwa nalo nyumbani.

Jikoni kwa mama mkwe

Nilipotoka kwa afisa wa kilimo nilipitia dukani, nikanunua leso na kilo mbili za sukari. Nilimkuta mama mkwe nyuma ya jiko akigeuza kimea cha wimbi kwenye gunia. Nilipiga magoti. Sikuwa na hotuba. Nilimwambia, "Mama, njugu zimeota. Nilikukosea mbele ya watoto wako, na nitawaita nilirudie neno hili mbele yao."

Alikaa kimya muda mrefu, mikono yake ingali inageuza kimea. Kisha akasema, "Mgeni akifika kwako usiku wa manane, alfajiri humwamshi ukampa jembe. Nilikuambia zina usingizi. Hukunisikia kwa sababu ulikuwa na haraka ya fedha." Akanyamaza tena. "Na mimi nilikosa. Ningekukatalia. Nilikupa ili usiseme mama mkwe ni mchoyo."

Tulilia kidogo, sisi wawili. Halafu akanisogezea gunia nimsaidie, na hapo ndipo alipoanza kunifundisha.

Kama hukulelewa penye kimea, ni hivi. Wimbi hulowekwa, hufunikwa mahali penye joto, na baada ya siku mbili tatu hutoa vijimizizi vyeupe. Hapo huanikwa na kusagwa, ukapata unga mtamu wa uji, au wa kazi nyingine ambazo watu wa Bungoma wanazijua vyema. Alinipa punje chache zilizoota nitafune, kisha chache ambazo hazijaota. Zilizoota zilikuwa na utamu. Ambazo hazijaota zilikuwa na ladha ya unga mtupu.

Utamu ule, mpenzi msomaji, ni kazi ya jiberelini. Punje inapopata maji, mmea mchanga ulio ndani yake hutoa homoni hii. Homoni huenda hadi kwenye utando mwembamba ulio chini ya ganda, na utando huo hutoa vimeng'enya, yaani kemikali zinazomeng'enya chakula. Vimeng'enya hivyo huivunja akiba ya wanga kuwa sukari, nayo sukari ndiyo inayomlisha mche hadi atoe jani la kwanza na kuanza kujitafutia. Watengenezaji wa kimea cha shayiri katika baadhi ya nchi hunyunyizia jiberelini ili kazi iende haraka. Bibi zetu waliijua kazi hii kwa ulimi bila ya kuijua kwa jina.

Jina lenyewe lilitoka mbali. Wakulima wa mpunga wa Japani walikuwa wakisumbuliwa na ugonjwa ambao ulifanya miche irefuke kupita kiasi, iwe myembamba na kuanguka. Waliuita ugonjwa wa mche mpumbavu. Mwaka wa 1926 Mjapani Eiichi Kurosawa alionyesha kwamba kuvu anayesababisha ugonjwa huo hutoa kitu fulani kinachourefusha mche. Mwaka wa 1935 Teijiro Yabuta alikipa kitu hicho jina la jiberelini, kutokana na jina la kuvu huyo. Baadaye ikagunduliwa kwamba mimea yenyewe huitengeneza ndani mwao, lakini kwa kiasi. Kwa hivyo kichocheo kile kile cha uhai, kikizidi, huzaa mche mpumbavu.

Chupa za Wekesa

Shule ya Wekesa haikufunguliwa hadi Januari 2021, na tangu siku ile ya njugu hakuniachia nafasi. Ilinibidi nigeuke mwalimu. Tulichukua chupa ya kioo, tukaijaza karatasi za chooni zilizoloweshwa, tukatia maharagwe kati ya karatasi na kioo ili tuyaone. Unaweza kufanya hivyo na wanao jioni ya leo, na gharama yake ni punje tatu za maharagwe.

Mzizi ulitoka kwanza, ukaelekea chini. Tuliilaza chupa ubavu. Siku iliyofuata ncha ya mzizi ilikuwa imepinda kuelekea chini tena, na shina limepinda kuelekea juu. Wekesa aliuliza imejuaje. Jibu ni homoni nyingine iitwayo oksini. Mche ukilazwa, oksini hukusanyika upande wa chini. Katika shina, oksini hurefusha chembe za upande huo, na shina hupinda kwenda juu. Katika mzizi, kiasi hicho hicho huzuia chembe zisirefuke, na mzizi hupinda kwenda chini. Amri ni moja, lakini kila kiungo huitii kwa namna yake, kama vile watoto wawili wa mama mmoja.

Kisha tulikata tundu ubavuni mwa boksi la viatu, tukatia mche ndani. Baada ya siku mbili ulikuwa umeinama kuelekea tundu. Hapa pia ni oksini, ambayo hukimbilia upande wenye kivuli na kuurefusha. Mwingereza Charles Darwin na mwanawe Francis waliandika mwaka wa 1880 kwamba mche wa nyasi ukifunikwa ncha haupindi kufuata mwanga, ilhali ukifunikwa chini tu hupinda. Kwa hivyo ncha ndiyo inayouona mwanga na kutuma habari. Mnamo 1928 Mholanzi Frits Went alieleza alivyoikamata habari hiyo. Alikata ncha za miche, akaziweka juu ya vipande vya kitu kama jeli, na jeli hiyo peke yake ikaweza kulipinda shina lisilo na ncha.

Lakini lililompendeza Wekesa kuliko yote ni shingo ya haragwe. Umewahi kuona jinsi haragwe linavyotoka udongoni limeinama kama mtu anayeswali? Halitangulizi kichwa. Linasukuma kwa shingo iliyopinda, ili majani machanga yasichubuliwe na udongo. Kinachoiweka shingo imeinama ni ile gesi ya ethilini, kwa msaada wa oksini. Mche ukigusa mwanga, nguvu ya ethilini hupungua na shingo hunyooka. Mwaka wa 1901, Mrusi Dimitry Neljubov, mwanafunzi huko St. Petersburg, ndiye aliyegundua kwamba miche yake ya njegere ilikuwa ikinenepa na kutambaa kwa sababu ya ethilini iliyokuwa katika gesi ya taa za maabara.

Ziko nyingine pia. Ipo sitokinini, ambayo huamrisha chembe zigawanyike. Ya kwanza kupatikana ndani ya mmea ilitolewa mwaka wa 1963 katika punje changa za mahindi, ikapewa jina linalotokana na jina la kisayansi la mahindi.

Na kabla sijasahau, kuna mbegu inayongoja si homoni yake bali ya jirani. Bila shaka mkulima wa Magharibi na Nyanza anakijua kiduha, lile gugu lenye maua ya zambarau linalonyonya mahindi, ambalo wengine huliita kayongo. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi na huweza kulala ardhini zaidi ya miaka kumi. Huamka zinaposikia kemikali inayotolewa na mizizi ya mahindi au mtama. Mwaka wa 2008 ilithibitishwa kwamba kemikali za jamii hiyo ni homoni za mimea, na kazi yake mojawapo ni kuzuia matawi yasizidi. Gugu limejifunza kusikiliza mazungumzo ya wenyewe. Kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE huko Mbita kilisaidia kueneza mbinu ya kupanda desmodiamu kati ya mahindi. Mizizi yake huiamsha mbegu ya gugu kisha huizuia isimshike mwenyeji, nayo hufa.

Usikose kama nilivyokosa

Basi, mpenzi msomaji, nisikuache bila la kutumia nyumbani. Kwanza, kabla ya kupanda, jaribu mbegu. Hesabu punje 100, au hata 20 kama ni haba, uzifunge kwenye kitambaa chenye unyevu mahali penye joto, uziangalie kwa wiki moja hadi siku kumi. Ingenichukua wiki moja na kitambaa kimoja kuokoa mbegu, kibarua na heshima yangu.

Pili, mbegu isipoota usikimbilie kulaumu. Ifukue uitazame. Ikiwa imeoza au imetobolewa na wadudu, hilo ni jambo moja. Ikiwa imevimba, ni ngumu na nzima, uliza ilivunwa lini. Njugu za kutambaa zilizovunwa karibuni ziache katika maganda yake, pakavu, zipumzike hadi msimu unaofuata. Ukiwa na haraka, tafuta aina isiyolala.

Tatu, usidanganyike kwamba homoni ni dawa ya kunyunyiza ovyo. Ziko zinazouzwa kihalali, kama unga wa kuotesha mizizi ya vipandikizi, nazo hufaa zikitumiwa kwa kipimo kilichoandikwa. Lakini kumbuka mche mpumbavu wa Japani. Ile dawa ya magugu ya majani mapana ijulikanayo kama 2,4-D ni oksini ya kutengenezwa na binadamu. Huua kwa kuuzidishia mmea amri ya kukua.

Mwisho, mwenye mbegu akikuambia "ngoja", muulize kwa nini kabla hujamuuliza ana kinyongo gani.

Niliwaita mawifi zangu Krismasi ile, nikasema niliyoahidi kusema. Mkubwa alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanipa mtoto wake nimbebe. Nikaelewa. Januari nilirudi Nairobi na watoto. Mama mkwe alikuwa amebakisha njugu za mavuno yale yale, ndani ya maganda, katika mtungi nyuma ya mlango. Mvua ya Machi 2021 ilipofika, alizipanda katika robo ekari ile ile bila mimi kumwomba.

Siku ya kumi alinipigia simu. Nilikuwa kazini, nikatoka nje kumsikiliza.

"Mama Wekesa," akasema, "zimeamka."